Kina Tikiko wa Nakivale

Safari hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi vijana sita tunaojitolea kwenye makanisa madogo ya hapa Nakivale. Tumeandika pamoja, usiku, kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo mtasoma "sisi" mwanzo hadi mwisho. Msiulize nani alisema nini.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: simu inasaidia kweli kumfanya mtu awe mwanafunzi wa Yesu, au inasaidia tu kanisa lionekane la kisasa? Jibu letu fupi: inasaidia, kama kuna mtu anayetembea nayo. Jibu refu ndilo hili.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, na imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ni kubwa sana. Mtu wa Rubondo na mtu wa Juru wanaweza kuwa wa kanisa moja na wasionane mwezi mzima, sababu boda ni pesa na miguu ni jua. Kanisani utasikia Kiswahili cha Kivu, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kifulero, Mashi. Kuna wazee wanaojua Zaburi nyingi kwa moyo lakini hawajui kusoma, na kuna vijana wanaosoma vizuri lakini Biblia hawana. Nyumba nyingi tunazozijua zina simu moja tu, mara nyingi ya kubonyeza, na hiyo simu inakaa mfukoni mwa baba.

Hilo la mfukoni mwa baba mlishike, tutalirudia.

Hatukuingia kwenye mambo haya kwa kupenda teknolojia. Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga makanisa na misikiti kwa ajili ya korona. Yakaruhusiwa tena Septemba mwaka ule, watu wasiozidi 70, halafu Juni 2021 yakafungwa tena mpaka Septemba. Wakati ule kila mchungaji aligeuka mtangazaji. Mahubiri ya saa nzima yalitumwa kwenye grupu kama yalivyo, pamoja na kikohozi na jogoo. Wengine walituma video. Walioweza kufungua walikuwa wachache, na waliomaliza kusikiliza walikuwa wachache zaidi, ila kila mtu aliandika "Amina" chini yake. Bwana, Amina ni rahisi kuandika! Haili hata bando.

Kutumia mitandao hapa Uganda pia kulikuwa na gharama zake. Kuanzia Julai 2018 mtu alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili tu afungue WhatsApp au Facebook. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na kwa miaka iliyofuata watu wakaingia kwa VPN. Kwa hiyo wanaposema "tengenezeni ukurasa wa kanisa" tunatabasamu tu. Kilichobaki mkononi mwetu ni WhatsApp na memori kadi.

Fanya hesabu hii mwenyewe: odio ya dakika tano iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp haifiki MB 2, lakini video ya dakika tano inaweza kula MB 30 na zaidi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyotupangia kazi kuliko semina yoyote tuliyokaa. Mtu wa mwisho kabisa, yule mwenye simu ya kubonyeza yenye tundu la memori, ndiye anayeamua sisi tutumie nini. Akishindwa yeye kusikia, basi tumetengeneza kitu cha wenye nacho.

Na hapa tuwachokoze kidogo ndugu zetu wa misaada. Kuna shirika moja, hatulitaji, lilileta tableti nzuri kwa ajili ya masomo ya Biblia. Ndani zilikuwa na katuni, ramani, maswali ya kuchagua, vyote kwa Kiingereza. Zilihitaji nywila. Nywila alikuwa nayo kijana aliyekuja kufundisha siku mbili, akarudi Kampala. Tableti ziko salama mpaka leo, ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha mchungaji, pamoja na kitambaa cha meza ya Bwana. Hatuna hasira. Tunasema tu kwamba mngetuuliza tungewaomba memori kadi hamsini na redio ndogo zile zenye tundu la kadi.

Sasa Tikiko ni nani?

Wengi wetu tumesoma barua za Paulo tangu Shule ya Jumapili bila kuuliza zilifikaje. Hakukuwa na posta ya watu wa kawaida. Barua kwa Warumi, Paulo anamtambulisha Fibi mwanzoni mwa sura ya 16, na watu wengi wanaosoma mambo haya wanaona ndiye aliyeibeba. Barua kwa Wakolosai na kwa Waefeso zilikwenda na ndugu mmoja anaitwa Tikiko. Angalieni sura ya 4 ya Wakolosai: Paulo hasemi tu "nimetuma barua", anasema huyu Tikiko atawaeleza habari zake zote na kuwatia moyo. Yaani barua ilikwenda na mdomo, na masikio, na mtu wa kula naye jioni. Na sura hiyo hiyo anawaagiza wakishaisoma wahakikishe inasomwa Laodikia pia, na wao wasome ile itokayo Laodikia. Kufowadi hakukuanza na sisi.

Halafu kuna yule mzee wa barua ya pili na ya tatu ya Yohana. Ana mengi ya kusema, lakini anakataa kuyamaliza kwa karatasi na wino, anataka aje waongee uso kwa uso. Mama mmoja mzee wa kanisa letu alipoyasikia hayo kwenye simu alicheka sana, akasema, "Kumbe hata yeye alichoka na mesaji."

Kutoka hapo jina likatushika. Tunaobeba odio kwenda kwenye vikundi vya nyumbani tunaitwa kina Tikiko. Wasichana nao wanaitwa Tikiko, wenyewe wamekataa kuitwa Fibi, eti Fibi alibeba moja tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Alhamisi, mama mwalimu anarekodi somo. Huyu mama alifundisha shule ya msingi huko Kivu na anajua kusimulia. Anajifunika blanketi kichwani na simu yake ili sauti isirudi kwenye bati, na watoto wa jirani wanapewa kazi ya kufukuza kuku. Dakika tano, si zaidi. Dakika tatu ni kisa cha Biblia kwa Kiswahili cha kwetu, kile ambacho bibi wa Fizi na kijana wa Goma wote wanakisikia bila kukunja uso. Baada ya kisa kuna maswali mawili. Mwisho kabisa kuna jambo moja la kufanya wiki hiyo, jambo linaloonekana kwa macho: kumtembelea fulani, kurudisha kitu cha mtu, kunyamaza siku tatu juu ya habari fulani ya jirani. Hili la kunyamaza liliwashinda wengi, nasi pia tumo.

Mchungaji anaisikiliza kwanza. Hili hatulirukii, hata kama umeme wa sola umeisha na tumechelewa. Akikubali, inatumwa kwa viongozi wa vikundi, nao ni watu kumi na mmoja tu. Hatutumi kwenye grupu kubwa la kanisa. Kutoka kwa wale kumi na mmoja inashuka kwa Bluetooth na kwa memori kadi, bure, na Tikiko anakwenda kwa miguu mpaka mahali watu wanapokaa.

Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada kikundi kinakaa, nyumba nane, kumi hivi. Simu inawekwa ndani ya sufuria tupu. Msicheke, jaribuni: sufuria inaongeza sauti vizuri kuliko spika mbovu za dukani. Wanasikiliza mara ya kwanza kimya. Mara ya pili mtu mmoja anasimulia upya kwa maneno yake na wengine wanamsahihisha. Mara ya tatu wanasikiliza tena kuona walichoruka. Ndipo maswali. Kiongozi wa kikundi kimoja hajui kusoma hata herufi moja, lakini mkimpa kisa cha Naamani anakisimulia na mto, na yule kijakazi mdogo, na hasira ya Naamani, hakosi kitu. Kwenye darasa la zamani la ubatizo, lile la kitabu cha maswali na majibu, yule mama alikaa nyuma miaka mitatu. Hatukumfundisha sisi jinsi ya kukumbuka. Kwao waliishi kwa kukumbuka. Tulichofanya ni kuacha kumdai kalamu.

Baadaye kiongozi anarekodi dakika moja ya majibu na Tikiko anairudisha kwa mama mwalimu. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wa vyombo vya habari wanaisahau. Mahubiri ya saa nzima hayasikii chochote. Dakika moja ya kurudi inamwambia mwalimu kwamba kikundi cha kule ng'ambo hakikuelewa neno "agano", na kikundi kingine kina msiba.

Turudi mfukoni mwa baba. Kama somo liko kwenye simu tu, basi somo ni la mwenye simu. Tuliona hivyo mapema: wanaume walikuja wamesikia, wake zao na mabinti wanasikia kwa mara ya kwanza pale pale. Ndiyo maana tunapendelea redio ndogo ya memori inayokaa jikoni. Mama anapika na anasikiliza, mtoto anasikiliza, hata mgeni anasikiliza. Hakuna mtu anayeiweka redio mfukoni.

Jambo lingine ni namba. Ukiingizwa kwenye grupu la WhatsApp, watu wote wa grupu wanaiona namba yako. Kwa mtu wa kawaida si kitu. Kwetu hapa kuna mtu aliyebadilisha laini mara mbili sababu waliomtafuta huko alikotoka bado wanamtafuta. Kuna dada aliyekimbia ndoa ya vipigo. Kanisa moja liliweka picha za ubatizo mtandaoni, watu wametoka majini, furaha tupu, na ndani ya siku chache mtu mmoja kwenye ile picha alipigiwa simu na sauti aliyodhani ameiacha Kongo. Alihama alipokuwa anaishi. Kwa hiyo vikundi vyetu haviingizi wanachama kwenye grupu. Kiongozi peke yake ndiye aliyemo, na picha hatupigi bila mtu kukubali, tena tunamuuliza akiwa peke yake, si mbele ya mchungaji. Nani atamkatalia mchungaji mbele ya watu?

Hadi hapa mnaweza kusema ni mpango mzuri wa vijana. Lakini ilikuja wiki iliyotupima.

Ilikuwa mwisho wa Januari 2025. Tarehe 20 rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na tarehe 27 ikaanza kazi. Hapa kuna watu waliokuwa wamemaliza mahojiano, wamepimwa afya, wameuza mbuzi na kugawa masufuria. Miaka saba, wengine kumi, ya kusema "dosye yetu iko mbele". Na tarehe 27 hiyo hiyo, M23 wakaingia Goma. Siku moja! Kwenye foleni ya maji hukujua mtu analia kwa ajili ya ndege au kwa ajili ya mama yake aliyeko Goma.

Simu zikafurika. Odio za aina mbili zilikuja kwa wingi kwenye magrupu ya makanisa, zote na ile alama ya mishale miwili ya kuonyesha kwamba zimefowadiwa mara nyingi.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayejiita nabii. Hatujui alikuwa nchi gani. Sauti nzuri, Kiswahili safi, kinanda chini chini. Alisema ameona majina kwenye maono, ndege hazijafungwa kwa walio na imani, kila mwenye dosye apande mbegu kwa kutuma pesa kwenye namba fulani na mlango wake utafunguka ndani ya siku ishirini na moja. Watu walituma. Mama mmoja alituma pesa ya mahindi ya msimu mzima.

Ungeweza kuandika kwenye grupu "huyu ni mwongo", na kuna walioandika. Walijibiwa kwamba wanampinga mtiwa mafuta, wakaondolewa. Sisi tuliona bora vikundi vya nyumbani visikilize ile odio ya nabii kwa njia ile ile ya sufuria. Wasikilize mara mbili, wasimulie alichosema, halafu wajiulize kama wale Waberoya wa Matendo 17 waliochunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Huyu mtu anajulikana na kanisa gani? Pesa inakwenda kwa nani? Angekuja kukaa hapa kwenye mkeka wetu, tungemuuliza nini? Halafu mama mwalimu akarekodi kisa cha Gehazi, 2 Wafalme 5. Naamani ameponywa, analeta zawadi, Elisha anakataa katakata. Gehazi mtumishi wake anakimbia nyuma ya gari, anadanganya, anapokea fedha na nguo, na mwishowe ukoma ule ule unamshika yeye. Mama hakumtaja nabii wa simu hata kidogo. Aliuliza tu maswali yake mawili: kwa nini Elisha alikataa, na kwa nini Gehazi alikimbia kwa siri.

Mambo hayakuisha vizuri kila mahali. Nyumba kadhaa ziliacha kikundi zikamfuata nabii. Mama wa mahindi pesa yake haikurudi, na siku ishirini na moja zilipopita bila ndege alikaa ndani wiki nzima kwa aibu. Wenzake wa kikundi ndio waliokwenda kumtoa, wamebeba unga. Kwa faida ya yeyote anayesoma hii na bado ana mashaka: huduma za UNHCR ni bure, na hakuna mtu, awe mchungaji, nabii au karani, anayeruhusiwa kukuuzia nafasi ya kusafiri.

Odio ya aina ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na kuiandika hapa tunaandika kwa uangalifu. Zilikuwa sauti za kuchochea kabila juu ya kabila. Wengine walituma za upande huu, wengine za upande ule, na zote zilifika kwenye grupu ambalo Jumapili wanaimba pamoja. Mnajua kwetu Kivu lugha ya mtu na uso wake vinaweza kumuua. Kambini watu hawa wamechanganyika, wanachota maji bomba moja. Wazee walifunga grupu kubwa, wakaweka wasimamizi peke yao ndio waandike, na kwa maoni yetu walifanya vizuri. Ila kufunga grupu hakufungi moyo. Odio ziliendelea pembeni, simu kwa simu.

Somo lililokuwa zamu yake wiki zile lilikuwa Yusufu na ndugu zake. Lilipangwa tangu Desemba, hatukulichagua kwa ajili ya vita. Vikundi kumi vilirudisha dakika yao kama kawaida. Kikundi cha kumi na moja kilirudisha sauti ya baba mmoja, sekunde arobaini hivi. Alisema Yusufu alisamehe ndugu zake wakiwa mbele yake wana njaa na yeye ana ghala. Wa kwetu bado wana bunduki, na ndugu yangu sijui kama amezikwa. Sasa hilo jambo la kufanya wiki hii, mimi nilifanye kwa nani?

Mama mwalimu aliisikiliza mara tatu. Tulimuuliza atajibu odio gani. Akasema hajibu odio. Alivaa kitenge chake, akamchukua mchungaji na mmoja wetu, wakatembea saa mbili na nusu mpaka kwa yule baba. Walikaa naye mpaka giza. Tikiko aliyekuwepo anasema kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza, na mama mwalimu alimsaidia mke wa nyumba kuchambua maharage. Jambo la kufanya wiki ile halikutajwa. Yule baba hakusamehe mtu yeyote siku ile, na hakuna aliyemdai. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja akakaa pale pale anapokaa siku zote, na kwenye benchi lile kuna mzee wa lugha ile nyingine. Hakuhama benchi. Kwenye kanisa la turubai kila mtu anaona nani amehama benchi, na wiki zile waliohama walikuwa wengi.

Tungekuwa tunatuma kwenye chaneli ya watu elfu moja, sauti ya yule baba isingerudi kwa mtu yeyote. Na kama tusingekuwa na simu kabisa, kutoka kule kwao hadi kwa mama mwalimu swali lingechukua mwezi, au lingebaki tumboni.

Mfadhili mmoja alituuliza idadi ya wafuasi. Tulimwambia kumi na mmoja. Akadhani tumekosea, akauliza kama ni elfu kumi na moja. Kwa kweli hatujui namna ya kujaza lile sanduku la fomu. Tunachohesabu ni dakika zilizorudi. Wiki nzuri zinarudi kumi na moja, wiki ya kupalilia zinarudi sita. Tunahesabu pia waliobatizwa ambao mwaka mmoja baadaye bado wako kwenye kikundi, na hilo lina sura ya kusikitisha kidogo, sababu wengine wametawanyika, wako Kampala wanatafuta kibarua. Wale tunawatumia somo kwa WhatsApp na tunawaomba watafute wawili wa kusikiliza nao. Wengine wanapata. Wengine wanasikiliza peke yao ndani ya basi, na wanatuambia wazi kwamba si kitu kile kile.

Sasa tuna shida ya pesa na hatutaificha. Mei 2025 WFP ilikata chakula kwa wakimbizi kama milioni moja hapa Uganda kwa kukosa fedha, na kwenye vikundi vyetu nyumba nyingi zimeguswa. Mtu aliyekatiwa unga ukimwambia anunue bando ili apate somo, unamtukana. Kuchaji simu tu ni shilingi 500 kwa mwenye sola. Kikundi kimoja kiliamua chenyewe kwamba memori kadi yao izunguke na kikombe cha maharage: inapolala kadi, ndipo kikombe kinapokwenda wiki hiyo. Hatukuwafundisha hilo, na halimo kwenye odio yoyote tuliyotuma. Vikundi vingine viwili vimeiga, kimoja kimeshindwa, sababu maharage yenyewe hayapo.

Mkitaka kusaidia, nyie wa mashirika, orodha yetu ni fupi: memori kadi, redio za jikoni, sola moja ya kuchaji iliyowekwa kwa kina mama na si ofisini kwa mchungaji. Nyie vijana wenzetu wa Kyaka, Kyangwali, Nyarugusu na Kakuma, mkitaka odio zetu tutawapa bure, lakini rekodini za kwenu. Kiswahili cha mama mwalimu wetu kitawachekesha, na kuku wetu nyie hamwajui.

Tumefika kitabu cha Ruthu, sura ya pili, Ruthu anaokota masazo shambani. Kulitakiwa kutoka Alhamisi, ila mvua ilipiga bati jioni nzima na blanketi halikusaidia kitu. Mama amesema atarekodi kesho alfajiri kabla ya shamba. Kina Tikiko wa Juru, msitoke mpaka tuwapigie.